Jinsi ya Kukagua na Kutunza Makomeo ya Vifaa Vinavyozunguka kwenye Ekskaveta

Mtu anayefanya kazi karibu na mkono wa ekskaveta, yaani mtambo wa kuchimba, ana haki ya kujua ni kitu gani hasa kinachozuia grebu (makucha ya kushikia mizigo) au baketi isigeuke ghafla kuelekea kwake. Katika machimbo ya murami na maeneo ya ujenzi ninayoyafahamu kati ya Kisumu na Nakuru, swali hilo huulizwa mara chache, na likiulizwa, jibu huwa kwamba haidroliki imeshika. Ni kweli kwamba mafuta yaliyozuiliwa ndani ya mota hushika, lakini kushika si kufunga, kwa kuwa mafuta hayohayo hupenya polepole kwenye sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zilizochakaa, hosi hupasuka, na vali hukwama kwa chembe ndogo ya uchafu. Komeo ni chuma kilichoingia ndani ya chuma kingine, au ni breki iliyobanwa na springi, na lazima lijaribiwe chini kabisa, karibu na ardhi, kabla ya mtu yeyote kusogea.

Tambua kwanza kinachoshika

Hatua ya kwanza ni kukaa na kitabu cha kifaa chenyewe, wala si kitabu cha ekskaveta peke yake, na kutafuta aina ya komeo lililomo. Vifaa viwili vinavyofanana kwa nje vinaweza kuwa tofauti kabisa ndani, na ukaguzi unaofaa kwa kimoja hautakuambia lolote kuhusu kingine.

Grebu nyingi za kushikia mawe, magogo au miwa huzungushwa na rota yenye mabawa ya chuma ndani ya chumba cha mafuta. Rota ya namna hii haina komeo la chuma hata kidogo. Ukiiachia usukani wake, hubaki pale ilipo kwa sababu tu mafuta yamezibiwa pande zote mbili, na mabawa yakishalika, mafuta hupita kando na grebu huanza kugeuka taratibu. Aina ya pili ni ile yenye gia ya parafujo, ambayo mafundi wengi huiita womu, na ndiyo hutumika katika tiltirota, yaani kiungo kinachokaa kati ya mkono na baketi na kuiwezesha baketi kuinama pande zote mbili na kuzunguka nyuzi 360. Vifaa hivyo vilianzia Sweden katika miaka ya 1980, na huku kwetu bado si vingi. Parafujo huizungusha gia ya duara kwa urahisi, lakini gia ya duara haiwezi kuizungusha parafujo, mradi pembe ya mzunguko wa parafujo ni ndogo, takriban nyuzi 5 au chini yake, kiasi kwamba msuguano huishinda nguvu inayosukuma kutoka upande wa mzigo. Aliyewahi kuendesha greda anaijua kazi hii tayari, kwa sababu duara linalobeba bledi ya greda huzungushwa kwa njia iyo hiyo.

Aina ya tatu ni breki ya sahani nyingi, inayobanwa na springi na kuachiliwa na mafuta. Naipenda zaidi ya zote kwa sababu moja tu, kwamba presha ikipotea, breki hubana badala ya kuachia. Mwisho kuna vifaa vinavyofungwa kwa pini ya kawaida, na mfano wake wa karibu ni oga, ile keekee kubwa ya kuchimbia mashimo ya nguzo za umeme na za ua, ambayo fimbo yake huvishwa kwenye shafti ya mota na kuzuiwa isichomoke kwa pini moja yenye klipu. Pini hiyo ikitoka wakati oga imeinuliwa, chuma kizima huporomoka.

Niliwahi kuona gharama ya kutojua tofauti hizi. Katika machimbo fulani ya murami, grebu ilikuwa imeshika jiwe refu kwa upande wake mmoja, mkono wa ekskaveta ukiwa umenyoshwa mbele na mhimili wa rota umeinama. Opareta alizima injini akashuka kuzungumza na dereva wa lori, akiamini kwamba kifaa kimefunga. Mhimili ukisimama wima, uzito wa jiwe hauna nguvu ya kuigeuza grebu, lakini ukiinama, uzito wote wa ule upande mzito hutafuta kushuka. Grebu iligeuka polepole sana, bila mlio, robo ya duara, hadi ncha ya jiwe ikagusa ubavu wa lori na kuikunja bodi ndani. Dakika chache kabla ya hapo, mtu alikuwa amesimama mahali palepale akikunja turubai. Rota ilipofunguliwa, mabawa yalikuwa na mikwaruzo mirefu, na hakukuwa na komeo lolote ambalo lingeweza kulaumiwa, kwa kuwa halikuwahi kuwepo.

Kwa hiyo, ukiwa na rota ya mabawa, kanuni haibadiliki hata kama rota ni mpya: mzigo uwekwe chini kabla ya injini kuzimwa.

Punguza presha kabla ya kugusa

Shusha kifaa mpaka kikae chini chenyewe, zima injini, kisha washa swichi bila kuwasha injini, ondoa kizuizi cha usukani na usukume vishikio vyote pande zote mara kadhaa ili presha iliyobaki kwenye mifumo midogo itoke. Rudisha kizuizi, toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako, si kwenye kebini wala mkononi mwa tanboi. Ekskaveta ya tani 20 hufanya kazi kwa presha inayokaribia bar 350. Mafuta yanayotoka kwa presha hiyo kwenye tundu dogo kama la sindano huweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na mkono ukaharibika baadaye, kwa hiyo usitafute uvujaji kwa kiganja. Tumia kipande cha katoni, na mtu aliyepigwa na mafuta hayo apelekwe hospitali mara moja hata kama jeraha linaonekana kama la mwiba.

Kipimo cha chaki

Jaribio linaloniridhisha kuliko yote halihitaji chombo cha gharama. Safisha sehemu ambapo upande usiozunguka unakutana na upande unaozunguka, uikaushe kwa kitambaa, kisha chora mstari mmoja wa chaki unaopita pande zote mbili. Opareta ashike mzigo wa wastani kwa namna isiyolingana, upande mmoja uwe mzito, aunyanyue sentimita 30 tu kutoka ardhini na kuinamisha mhimili wa kifaa nyuzi 30 hivi. Watu wote wasimame nje ya eneo ambalo mkono na mzigo vinaweza kufika. Injini izimwe, na msubiri dakika 10.

Baada ya hapo mzigo ushushwe na mstari utazamwe kwa karibu. Kwenye gia ya parafujo au breki, mstari unaweza kuachana kidogo pale mwanzoni, wakati meno yanapokaa sawa upande mmoja, lakini hauendelei kuachana. Ukiona umeendelea kusogea katika dakika zilizofuata, komeo hilo halifungi, na kifaa kisirudi kazini mpaka kifunguliwe. Kwenye rota ya mabawa mstari utasogea, na utakachojifunza ni kasi ya kuchakaa kwake mwezi hadi mwezi. Andika umbali huo kwa milimita kwenye daftari la mtambo pamoja na saa za mita, kwa sababu namba moja haisemi mengi, ila namba nne zikipangwa pamoja hueleza vizuri.

Kipimo cha pili ni cha mchezo, yaani ule ulegevu unaosikika ukisukuma baketi kwa mkono kushoto na kulia. Shusha presha, kisha watu wawili wasukume ncha ya jino la pembeni huku wa tatu akisoma rula iliyokazwa kwenye jiwe au kigingi. Tuseme ncha iko milimita 900 kutoka katikati ya mzunguko na imesogea milimita 20. Kama meno ya gia yako milimita 250 kutoka katikati, basi ulegevu kwenye meno yenyewe ni 20 mara 250 gawanya kwa 900, yaani takriban milimita 5.6. Ndiyo maana ulegevu unaoonekana mkubwa nje hauna budi kubadilishwa kuwa ulegevu wa meno kabla ya kuulinganisha na kikomo cha mtengenezaji. Hakikisha pia kwamba unachopima si ulegevu wa bushi za mkono. Weka kidole kwenye ungio la pini wakati wenzako wanasukuma, nawe utausikia mchezo uko wapi.

Wako mafundi ambao, wakiona rota inateleza baketi inapogonga jiwe kwa ubavu, hukaza skurubu ya vali ya usalama mpaka utelezi ukome. Nawasihi waache. Vali hizo ziliwekwa ili zifunguke wakati wa pigo na kuyaokoa meno, na kuteleza kidogo wakati wa pigo si ugonjwa. Kwenye gia ya parafujo hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa kujifunga kwake kunazuia pigo lisifike kwenye mota, na mzigo wote unabaki kwenye meno machache yaliyoshikana wakati huo. Nguvu ya kilonyutoni 20, ambayo ni sawa na uzito wa tani 2 hivi, ikigonga jino lililo milimita 600 kutoka katikati, huleta torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kilonyutoni-mita 12. Opareta anayesawazisha mtaro kwa kupiga ubavu wa baketi kushoto na kulia anayalisha meno hayo pigo hilo mamia ya mara kwa siku.

Kapla na taa yake

Kifaa kinachozunguka hufungwa kwenye mkono kwa kapla, yaani kiungo cha kubadilishia vifaa haraka, na komeo zuri la mzunguko halina maana ikiwa kifaa kizima kinaweza kudondoka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13031 cha mwaka 2016 kinahusu usalama wa kapla hizi, na jambo la msingi ni kwamba kifaa kibaki kimeshikwa hata presha ya kufungia ikipotea. Ekskaveta nyingi zinazofika kwetu zimetumika ng'ambo kabla ya kuletwa, na baadhi huja na kapla za zamani zinazohitaji pini ya usalama iingizwe kwa mkono. Pini hiyo hupotea mapema. Kama tundu lake lipo na pini haipo, mtambo huo haujakamilika, na haufai kuinua chochote.

Utaratibu wa kufunga uwe uleule kila mara. Opareta afunge, akunje kifaa ndani, akishushe mpaka meno yaguse ardhi, akibonyeze chini na kukivuta kuelekea kwake, kisha akinyanyue kidogo na kukitikisa. Mtu wa chini, akiwa pembeni na wala si mbele, aangalie kabari au ulimi wa komeo kwa macho yake kabla ya kutoa ishara ya kidole gumba.

Kijana mmoja aliniambia siku moja, "Mzee, taa imeshakuwa ya kijani, tunachelewa." Nikamwomba ashuke aje tutazame pamoja. Kabari ilikuwa imetoka nusu tu, na nyuma ya pini kulikuwa na bonge la udongo mweusi uliokauka kuwa mgumu kama tofali. "Kijana wangu," nikamwambia, "taa imekueleza kwamba presha imefika kwenye silinda. Haijakueleza kwamba chuma kimefika mahali pake." Aliuchokoa ule udongo kwa nondo kwa muda wa dakika tano, tukafunga upya, na tangu siku hiyo hakuwahi tena kunitajia taa.

Udongo ule ni jambo linalohitaji kuchukuliwa kwa uzito katika nyanda za Kano, kuanzia Ahero kuelekea Awasi, hasa kati ya Machi na Mei. Ukiwa na maji hunata kama unga wa ugali mbichi, hujaa ndani ya ndoano ya kapla, na jua likitoka hushika kama saruji. Anayefanya kazi huko, kwa mfano kwenye kuta za kuzuia mafuriko ya mto Nyando, asafishe kapla kila anapobadilisha kifaa, si kila jioni.

Pini, na kwa nini nondo haifai

Pini ya komeo ikipotea, kishawishi cha kukata kipande cha nondo ni kikubwa, kwa sababu nondo iko kila mahali. Nimetoa pini ya namna hiyo kwenye oga: ilikuwa imepinda kama upinde, mbavu zake zimesagika upande mmoja na kung'aa, na tundu la shafti limekuwa na umbo la yai. Nondo imetengenezwa ili ivutike ndani ya zege bila kukatika ghafla. Pini ya komeo inatakiwa iwe ya chuma cha aloi kilichopashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu juu na kisichovunjika ndani, na iingie kwenye tundu lake kwa nafasi ndogo mno. Pini iliyolegea haibebi mzigo, bali inapigwa nyundo.

Pima kipenyo cha pini kwa kalipa mahali palipolika zaidi, na usiridhike na sehemu ya mwisho ambayo haikuguswa. Pini ya milimita 40 iliyolika hadi milimita 36 imepoteza asilimia 19 ya eneo la kukatwa, ijapokuwa kwa jicho inaonekana imepungua kidogo tu. Tundu likishakuwa la yai, pini mpya haitasaidia. Peleka kazi kwa fundi mwenye leth, mashine ya kuchongea chuma, akachonge upya na kutia bushi. Wapo mafundi wa jua kali wanaoifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, ila wapelekee pini mpya pamoja na kifaa ili wachonge kwa kipimo chake. Klipu ya pini ni ya kununua kila inapolegea. Usiweke waya wa kufungia nondo mahali pake.

Bolti za beringi kubwa ya mzunguko zikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu, kwa kukaza moja kisha ile inayotazamana nayo, na ukimaliza upake mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Asubuhi, mstari uliovunjika unaonekana ukiwa umesimama. Bolti moja ikivunjika, badilisha pia za jirani zake, kwani zimeshabeba mzigo usio wao.

Grisi na vumbi

Grisi ya beringi na ya meno itiwe kifaa kikizungushwa kidogokidogo kati ya pampu na pampu, injini ikiwa imezimwa kila mtu anapokaribia, mpaka grisi safi ianze kuchungulia kwenye sili pande zote. Kisanduku cha parafujo kikiwa cha mafuta badala ya grisi, angalia kiwango kwenye kioo au kizibo chake, na uyatazame mafuta yenyewe juani: chembe za manjano zinazometa ni shaba ya gia inayolika, na huo ni ujumbe wa kufungua kabla ya msimu kuisha.

Kuna tofauti ya mahali ambayo vitabu havielezi. Upande wa Nakuru, kuzunguka Menengai na kuelekea Gilgil, vumbi linatokana na majivu na mawe ya volkano, ni jepesi na lina makali, na likichanganyika na grisi hugeuka kuwa sandpepa laini ndani ya beringi. Huko natia grisi kidogo lakini mara nyingi, na kila mara nafuta chuchu ya grisi kwanza kwa kitambaa. Kisumu na nyanda zake, adui ni maji na matope, kwa hiyo naangalia zaidi mdomo wa sili na kutu kwenye pini zilizolala mwishoni mwa wiki.

Wakati wa kusafirisha kwa lobedi

Safari ya kutoka Nakuru kushuka Kericho hadi Ahero ina kona na mteremko wa kutosha kujaribu kila komeo. Ingiza pini ya kufungia sehemu ya juu ya ekskaveta isizunguke, na hakikisha imeketi hadi mwisho. Weka baketi au grebu ilale juu ya mbao kwenye sakafu ya lobedi (trela ya chini ya kubebea mitambo), meno yakiwa yametazama ndani, kisha uifunge kwa mnyororo na kikaza chake pande mbili zinazokabiliana. Gia ya parafujo isiaminiwe peke yake barabarani, kwa kuwa mtikisiko wa muda mrefu hupunguza ule msuguano unaoifanya ijifunge, na kifaa kinaweza kutambaa nyuzi chache kila kilomita. Fimbo ya oga ichomolewe kwenye shafti na ilazwe peke yake.

Dereva asimame baada ya kilomita chache za kwanza, azunguke lobedi yote, na aguse kila mnyororo kwa mkono, kwa sababu ndani ya mwendo huo mbao hukaa na minyororo hulegea. Akifika, ile pini ya kufungia sehemu ya juu itolewe kabla injini haijaguswa, na mstari wa chaki uchorwe upya kabla ya mzigo wa kwanza.